Chaza Hachagui Maji: Jinsi Metali Nzito Zinavyojilimbikiza Katika Viumbe wa Majini

Kila maji yanapokupwa katika pwani yetu, wanawake na watoto hushuka kuokota chaza, kombe na tondo kwa ajili ya kitoweo. Ni chakula chenye protini, chuma na zinki, tena kinachopatikana bila gharama kubwa. Hata hivyo, chakula hicho kikiokotwa karibu na mlango wa mto unaopokea majitaka ya mji, huweza kubeba risasi, kadimi au zebaki. Makala hii inaeleza jinsi metali hizo zinavyoingia katika miili ya viumbe wa majini, sababu za kubaki humo, na tahadhari zinazomfaa mlaji.

Kwanza, ni muhimu kutofautisha metali na uchafu mwingine. Kinyesi na mabaki ya mimea huozeshwa na vijidudu. Metali ni elementi. Haiozi wala haiteketei kwa moto. Huweza kubadilika umbo la kikemikali tu, ikahama kutoka majini hadi kwenye tope, na kutoka kwenye tope hadi kwenye nyama ya kiumbe. Kwa hiyo tope lililo chini ya mikoko huweza kuhifadhi metali zilizomwagwa miaka mingi iliyopita.

Chaza na kome hawawindi. Huvuta maji, wakayapitisha katika matamvua na kunasa chembe za chakula. Kome mmoja aliyekomaa huweza kuchuja lita moja au zaidi kwa saa. Pamoja na chakula hunasa chembe za tope zenye metali, na metali zilizoyeyuka hupenya kupitia matamvua yenyewe. Ndani ya mwili, sehemu ya metali hizo hufungwa na protini iitwayo metalothionini, au hutunzwa katika chembechembe ndogo ndani ya tezi ya mmeng'enyo na figo. Kinga hiyo humsaidia chaza, kwani sumu iliyofungwa haimdhuru sana. Lakini ndiyo inayomponza mlaji: chaza huonekana mnene na mwenye afya, ilhali amebeba kiasi cha metali kinachozidi mara nyingi kile kilichomo katika maji yanayomzunguka. Kwa sababu ya tabia hiyo, mwaka 1975 mwanasayansi Edward Goldberg wa Marekani alipendekeza kome watumike kupima uchafuzi wa bahari duniani.

Zebaki ina njia ya ziada. Katika tope lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo hufyonzwa kwa urahisi na hutoka mwilini polepole. Planktoni huliwa na samaki wadogo, wadogo huliwa na wakubwa, na katika kila hatua mkusanyiko wake huongezeka. Ndiyo sababu papa na sangara mkubwa huwa na zebaki nyingi kuliko dagaa. Risasi na kadimi, kwa kawaida, hazipandi ngazi kwa namna hiyo. Hatari yake iko zaidi katika chaza, kombe na viungo vya ndani vya kaa.

Madhara yake yalidhihirika katika mji wa Minamata, Japani. Kiwanda cha kemikali kilimwaga ghubani majitaka yenye zebaki kuanzia mwaka 1932 hadi 1968. Paka walianza kuyumba na kufa; mwaka 1956 ugonjwa ulitambuliwa rasmi kwa binadamu. Walioathirika walikuwa familia zilizokula samaki na kombe wa ghuba hiyo. Baadhi ya akina mama wenye dalili chache, au wasio nazo kabisa, walijifungua watoto wenye ubongo ulioharibika, kwa kuwa methili-zebaki huvuka kondo la nyuma. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo. Unatuhusu, kwani wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini bado hutumia zebaki kukamatisha dhahabu.

Wataalamu wa FAO na WHO wameweka kiwango cha methili-zebaki kisichopaswa kuzidi mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Mama mwenye kilo 60 asizidishe mikrogramu 96. Samaki mwenye mikrogramu 0.5 katika kila gramu humfikisha hapo kwa gramu 192 tu. Mwenye mikrogramu 0.05 angehitaji kuliwa karibu kilo mbili.

Kuchemsha huua bakteria wa kipindupindu, lakini hakuondoi metali. Kuloweka chaza katika maji safi usiku kucha hutoa mchanga, si kadimi iliyokwisha kufungwa mwilini. Kinachosaidia ni kutookota karibu na mifereji ya majitaka, bandari, gereji na majalala. Kuondoa viungo vya ndani vya kaa. Na kubadilisha aina ya kitoweo. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wasiache samaki, maana mafuta yake hujenga ubongo. Wachague dagaa na samaki wadogo badala ya papa. Hata hivyo, mwokotaji peke yake hawezi kuisafisha bahari. Kinga ya kweli huanzia pale majitaka yanapotoka, kabla chaza hajayavuta.