Miguu Mikavu, Miguu Isiyonuka
Kijitabu cha afya kwa kaya za Nyakiriba, Wilaya ya Rubavu

Harufu inatoka wapi?

Jasho likitoka mwilini halina harufu ya kusumbua mtu. Kila mguu una maelfu kwa maelfu ya tezi za jasho, na jasho hilo likipata hewa hukauka, mambo yakaishia hapo. Taabu huanza mguu unapofungiwa. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi hustawi penye joto na unyevu. Hula jasho na ngozi iliyokufa, kisha hutoa asidi zenye harufu kali.

Nyakiriba mazingira hayo tunayo kwa wingi. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba huwakuta watu shambani, kwenye viazi na karoti, wamevaa buti za mpira tangu alfajiri, mara nyingi bila soksi. Jioni buti huvuliwa na kusukumwa chini ya kitanda zikiwa bado mbichi ndani, na kesho yake huvaliwa hivyo hivyo. Kwa hiyo kuosha miguu peke yake hakutoshi. Sabuni huondoa harufu ya leo. Ya kesho huzuiwa na kukausha.

Kila jioni, fanya hivi

1. Tia maji safi kwenye beseni. Nusu beseni yatosha mtu mmoja.
2. Osha kwa sabuni ya kawaida: nyayo, visigino, na kila nafasi kati ya vidole. Tope lililoganda lilainishe kwa maji, usilikwangue kwa kisu.
3. Suuza povu lote.
4. Kausha kwa kitambaa safi, kidole kimoja baada ya kingine. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye kazi kubwa. Kila mtu awe na kitambaa chake.
5. Visigino vikikauka na kupasuka, vipake mafuta ya mgando. Kati ya vidole usipake, kwa maana pale panatakiwa pawe pakavu.
6. Vaa kandambili ili miguu ipate hewa hadi wakati wa kulala.

Viatu na soksi

Kiatu kilicholowa huhitaji siku nzima au zaidi kukauka. Mwenye jozi mbili azivae kwa zamu. Mwenye jozi moja aoshe buti ndani kila jioni, azikung'ute, kisha azipindue juu ya vijiti penye hewa. Asubuhi azipanguse kwa kitambaa kikavu kabla ya kuvaa. Gazeti lililokunjwakunjwa ndani ya kiatu hunyonya unyevu vizuri, likilowa, badilisha. Jua likitoka, anika viatu vikiwa wazi. Usivitie karibu na moto, mpira utapasuka.

Soksi zivaliwe siku moja tu, kisha zifuliwe. Za pamba au sufu ni bora kuliko za nailoni. Mtoto anayetembea kwenda shule kwenye mvua afungashiwe soksi kavu za kubadilisha akifika.

Dawa za jikoni

Chai. Majani ya chai yana tanini, inayokaza ngozi na kupunguza jasho. Chukua vijiko viwili vya majani makavu, chemsha katika nusu lita ya maji kwa dakika 15, kisha ongeza lita mbili za maji baridi. Loweka miguu dakika 20 hadi 30, kila siku kwa wiki moja. Ngozi inaweza kubadilika rangi kidogo; itarudi. Wilaya yetu ina kiwanda chake cha chai cha Pfunda, kwa hiyo dawa hii haiko mbali.

Siki. Changanya kikombe kimoja cha siki na vikombe viwili vya maji. Loweka dakika 15, suuza, kausha.

Usiloweke miguu yenye vidonda au nyufa. Mwenye kisukari asiloweke kabisa, maana anaweza kuungua au kuumia bila kuhisi. Mafuta ya taa yasipakwe mguuni kamwe, kwani huunguza ngozi.

Harufu inapokuwa dalili

Ngozi nyeupe iliyolainika, inayowasha na kubanduka kati ya vidole ni fangasi. Krimu ya klotrimazoli hupakwa mara mbili kwa siku kwenye ngozi iliyokaushwa. Usiache siku muwasho unapokoma. Endelea wiki mbili zaidi, la sivyo fangasi watarudi.

Vishimo vidogo vingi kwenye unyayo, vyenye uvundo mkali, huletwa na bakteria. Mhudumu wa afya atakupa dawa yake.

Mguu unaovimba polepole, ngozi ikawa ngumu na yenye vinundu, huenda ni imidido. Ugonjwa huu hauletwi na kurogwa wala hauambukizi. Huwapata watu wanaokanyaga udongo mwekundu wa asili ya volkano kwa miaka mingi bila viatu: chembechembe za udongo hupenya ngozi na kuharibu mishipa ya limfu kwa wale ambao miili yao huathirika kwa urahisi. Mwaka 2017 watu zaidi ya milioni 1.3 walikaguliwa nchini Rwanda. Wagonjwa 914 walithibitishwa, na ugonjwa ulikutwa katika wilaya zote 30. Mgonjwa hunuka kwa sababu majimaji na bakteria hukaa kwenye mikunjo ya ngozi. Kuosha kila siku, kukausha, kupaka mafuta, kufunga bendeji kama alivyoelekezwa na kuvaa viatu hupunguza uvimbe na harufu pia. Asifichwe ndani. Kaa naye, kula naye.

Je, wajua?

Mbu wa malaria huvutwa na harufu ya miguu. Bart Knols wa Uholanzi alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mbu hao hufuata hata jibini la Limburger, linalonuka kama miguu. Baadaye Fredros Okumu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, Tanzania, alitumia harufu ya aina hiyo kuwanasa mbu mitegoni. Osha miguu, lakini chandarua usikiache.

Nenda kituo cha afya ikiwa

• umetunza miguu kwa wiki mbili na harufu haijapungua;
• kuna kidonda, usaha, wekundu unaopanda au homa;
• mguu mmoja au yote miwili imevimba;
• una kisukari na umeona jeraha lolote mguuni, hata dogo.

Kumbuka bima yako ya afya, mituweli. Ukiona haya kwenda, anza kwa mshauri wa afya wa kijiji chako. Atakuangalia miguu faraghani na kukuelekeza.