Walinzi wa Mwili Wanapogeuka Hatari



Wengi wetu tumeona mtu aliyeumwa na nyuki mmoja tu akavimba uso, akahema kwa shida na kuanguka, huku mwenzake aliyeumwa na nyuki watano akibaki na uvimbe mdogo. Watu husema amerogwa. Sivyo. Sababu imo mwilini mwake.

Katika ngozi, njia za hewa na utumbo zimo chembe za ulinzi ziitwazo chembe za masti. Alizipa jina hilo Paul Ehrlich, mwanafunzi wa udaktari nchini Ujerumani, mwaka 1878. Kila chembe imejaa vijifuko vya kemikali, mojawapo ni histamini. Adui akiingia, kama vile minyoo, chembe humwaga kemikali hizo. Mishipa midogo ya damu hupanuka na walinzi wengine hufika haraka. Ndiyo maana mahali hapo huvimba na kuwasha. Huo ni ulinzi mwema.

Lakini miili ya watu wengine huiona sumu ya nyuki, karanga au penisilini kuwa adui mkubwa. Mwanzoni hutengeneza kingamwili zinazokaa juu ya chembe za masti kama mtego uliotegwa. Kitu kile kikiingia tena, chembe za mwili mzima hufyatuka pamoja. Njia za hewa hubana, shinikizo la damu hushuka, na mgonjwa aweza kufa kwa dakika chache.

Dalili zake ni mabaka yanayowasha mwili mzima, midomo na ulimi kuvimba, kifua kubana, kutapika na kizunguzungu.

Mfanye nini?

1. Mwiba wa nyuki ukibaki katika ngozi, utoeni upesi.
2. Mlazeni chali, miguu iinuliwe. Akihema kwa shida, aketi. Asitembezwe.
3. Mkimbizeni hospitali achomwe sindano ya adrenalini pajani. Vidonge vya kuzuia mwasho havitoshi; msingoje vifanye kazi.

Mwisho, tunawasihi: kama dawa fulani iliwahi kukudhuru, iandikishe katika kadi yako na umwambie muuguzi kabla ya sindano. Wengine hutuficha wakihofu kunyimwa matibabu. Ndugu zetu, dawa nyingine tunaweza kuwapa. Uhai mwingine hatuna.