Kuchagua Hedifoni kwa Masikio Yenye Mvumo

Wapo watu wanaosikia mlio au mvumo masikioni ilhali hakuna kitu chochote nje kinachoutoa. Baadhi yao huumizwa pia na sauti ambazo wengine huziona za kawaida, kama vile mgongano wa vyombo jikoni. Mlaji wa aina hii anaponunua hedifoni hanunui burudani peke yake. Seli za sikio la ndani zinazopokea sauti zikishakufa hazioti tena. Kwa hiyo uchaguzi mbaya waweza kumgharimu zaidi ya bei aliyolipa. Katika somo hili tunaeleza mambo ya kupima kabla ya kutoa fedha.

1. Ukubwa wa sauti na muda

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto na kwa wenye masikio mepesi kudhurika, kiwango ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu: 75 ni saa 40, 78 ni saa 20, 81 ni saa 10. Tunamshauri mwenye mvumo afuate kiwango hiki cha chini. Simu nyingi za kisasa zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti. Kiwekwe siku ile ile kifaa kinaponunuliwa.

2. Umbo la kifaa

Mara nyingi mtu hupandisha sauti ili kushinda kelele zinazomzunguka. Abiria wa daladala atafaidika na hedifoni zinazofunika sikio lote, au zenye uwezo wa kupunguza kelele kwa umeme. Uwezo huo hufanya kazi vizuri dhidi ya ngurumo ya injini isiyobadilika, lakini si sana dhidi ya honi na mazungumzo.

Hata hivyo, ukimya huweza kuufanya mvumo usikike zaidi. Kwa anayesikiliza nyumbani mahali patulivu, hedifoni za muundo wa wazi, zinazopitisha sauti za nje, huenda zikamfaa zaidi. Kipimo chake ni rahisi: zivae dukani kwa dakika kumi bila muziki. Ukihisi mgandamizo, au mvumo ukikusumbua kuliko awali, ziache.

3. Maandishi ya boksi

Tafuta namba inayoonyesha desibeli kwa miliwati moja. Zikipewa nguvu sawa ya umeme, hedifoni za 110 hutoa sauti iliyozidi zile za 95 kwa desibeli 15. Kwa masikio mepesi, namba kubwa maana yake ni kwamba hata hatua ya kwanza ya kupandisha sauti yaweza kuwa kali mno. Boksi lisilo na maelezo yoyote halikupi msingi wa kulinganisha.

4. Madai ya kutahadhari

Hakuna hedifoni zinazotibu mvumo wa masikioni. Aidha, zile zinazopitisha sauti kwenye mifupa ya kichwa huacha tundu la sikio wazi, lakini sauti yake hufika sikio la ndani lile lile. Hivyo nazo zikifunguliwa sana hudhuru.

5. Haki yako

Dai risiti, na uulize masharti ya kurudisha bidhaa kabla ya kulipa. Muuzaji akitoa dai la tiba, mwombe aliandike kwenye risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ya Tanzania inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani.

Lini uende hospitali

Muone daktari wa masikio, pua na koo ikiwa mvumo uko upande mmoja tu, unapiga sawia na mapigo ya moyo, au unaambatana na kizunguzungu. Usikivu ukipotea ghafla, nenda siku hiyo hiyo, kwani tiba ikichelewa matumaini hupungua. Wakati mwingine chanzo ni nta iliyoziba sikio, na kuiondoa kitaalamu hugharimu kidogo kuliko hedifoni za bei kubwa. Kwa hiyo anza na uchunguzi, kisha uende dukani.