Kiharusi na Korona: Kila Dakika Ina Thamani

Wengi wetu tunaijua Korona kama ugonjwa wa homa, kikohozi na kukosa pumzi. Hata hivyo, maambukizi hayo yanaweza pia kuleta kiharusi, wakati mwingine kwa mtu ambaye hakuugua sana.

Kiharusi hutokeaje?

Mwili unapopambana na virusi, kuta za ndani za mishipa hudhurika na damu huganda kwa urahisi. Bonge la damu likiziba mshipa wa ubongo, sehemu iliyokosa damu huanza kufa. Wazee na wenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo wako hatarini zaidi, lakini vijana nao hawajasazwa. Kati ya Machi na Aprili 2020, katika muda wa wiki mbili, madaktari wa Mount Sinai, New York, walitibu wagonjwa 5 wa Korona wenye kiharusi, wote chini ya miaka 50. Wawili walichelewa kuita ambulensi kwa kuogopa kwenda hospitalini wakati wa janga.

Kuchelewa ndiko hatari kubwa. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya ubongo kupigwa picha.

Dalili za kutazama

• Uso: mwambie atabasamu. Je, upande mmoja umelegea?
• Mikono: mwambie ainue yote miwili. Je, mmoja unashuka?
• Usemi: je, maneno hayaeleweki?
• Saa: ukiona hata dalili moja, mpeleke hospitalini mara moja.

Ufanye nini?

Piga 999 au 112, au tafuta gari la karibu. Kumbuka saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho, daktari ataiuliza. Usimpe chakula wala kinywaji, kwani anaweza kupaliwa. Usimpe aspirini, kwa sababu huenda mshipa umepasuka na damu inavuja. Usipoteze muda kumkanda au kungoja dalili ziishe. Zikiisha zenyewe, bado aende: huenda ni onyo la kiharusi kikubwa.

Kinga

Pima presha na sukari katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Usiache dawa ulizoandikiwa, hata unapougua Korona. Acha sigara na upate chanjo.

Wafundishe dalili hizi wote nyumbani, watoto wakiwemo. Anayepatwa na kiharusi mara nyingi hawezi kujiitia msaada.