Homa Isiyo Malaria: Kuitambua na Kuitunza katika Wilaya za Tarime na Serengeti

Neno homa hubeba maana mbili katika Kiswahili cha kila siku: joto la mwili lililopanda, na malaria yenyewe. Ndiyo maana mgonjwa asemaye "nina homa" mara nyingi huwa amekwisha kumeza dawa mseto kabla ya kufika zahanati. Kitabibu, homa si ugonjwa bali ni dalili. Vijidudu viingiapo mwilini, sehemu ya ubongo inayoratibu joto hupandisha kiwango chake, na mgonjwa hutetemeka kwa baridi ilhali ngozi yake inachoma. Joto la kwapani likifikia nyuzi 37.5 huhesabiwa kuwa homa.

Madhara ya kuchanganya maana hizo mbili yalionekana wazi Moshi. Kati ya wagonjwa 870 wenye homa waliolazwa katika hospitali za KCMC na Mawenzi mwaka 2007 na 2008, waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528. Waliothibitika walikuwa 14 tu. Mara si Moshi, na malaria ingalipo huku. Katika nyanda za juu za Tarime, ambako kinga ya watu dhidi yake ni ndogo, hata mtu mzima huweza kuzidiwa upesi. Kwa hiyo kila mwenye homa apimwe. Swali gumu ni lifuatalo: kipimo kikionyesha kwamba hakuna malaria, kinafuata nini?

Kinachofuata ni maswali, na la kwanza liwe juu ya mifugo. Mtu anayekunywa maziwa yasiyochemshwa, au aliyemzalisha ng'ombe na kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu, anaweza kupata brusela, ule ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba. Homa yake huja na kuondoka kwa majuma, pamoja na jasho la usiku na maumivu ya viungo na mgongo. Tiba ni dawa mbili kwa pamoja kwa majuma sita hivi. Anayeacha katikati kwa sababu amepata nafuu huugua tena.

Swali la pili ni kama mgonjwa ameingia hifadhini au kuchunga kandokando yake. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliozuru hifadhi za Tanzania, Serengeti ikiwamo, waligunduliwa kuwa na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Malale ya aina hii huua katika muda wa miezi michache isipotibiwa. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuionyesha, bali hadubini huweza, kwa tone lile lile la damu. Mtaalamu wa maabara aelezwe tangu mwanzo kuwa mgonjwa ametoka porini.

Kuhusu homa ya matumbo, ambayo huandikwa kwa wepesi mno, jibu moja la kipimo cha Widal halitoshi kuithibitisha.

Nyumbani, mtoto apunguziwe nguo, hata kama asubuhi za Tarime ni za baridi, naye anyonyeshwe au anyweshwe mara kwa mara. Asifutwe kwa maji ya barafu wala kwa spiriti. Parasetamoli hutolewa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 hupewa mililita 5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, zikipimwa kwa kijiko cha dawa, si cha chai. Aspirini asipewe kabisa. Parasetamoli hushusha joto tu, haiui kijidudu chochote. Mtoto aliyepoa kwa saa chache bado ni mgonjwa.

Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea au kupoteza fahamu, au aliyepatwa na degedege, apelekwe kituoni saa ile ile. Vivyo hivyo mtoto yeyote mwenye homa aliye chini ya miezi miwili. Katika sehemu nyingi nchini wapo waaminio kuwa sindano humwua mwenye degedege. Kinachoua ni malaria kali au homa ya uti wa mgongo iliyocheleweshwa.

Asiye na dalili hizo, na kipimo chake hakikuonyesha malaria, arudi baada ya siku mbili homa ikiendelea. Homa ya kila siku iliyopita siku saba hupewa rufaa kwenda hospitali, na barua ya rufaa itaje mifugo, maziwa na hifadhi.