Kurejesha nguvu za mkono baada ya plasta kuondolewa

Mkono uliokaa kwenye plasta kwa wiki 6 hutoka ukiwa mwembamba na dhaifu. Mkulima aliyezoea kukamua ng'ombe hushindwa hata kufungua kifuniko cha chupa. Nguvu hizo hurejeshwa kwa mazoezi, baada ya daktari kuthibitisha kwamba mfupa umeungana.

Kifaa cha kwanza huwa chepesi: sponji au mpira laini. Kinachofaa ni kile ambacho mgonjwa anaweza kukibana mara 10 bila maumivu. Hubana polepole, hushikilia kwa sekunde 3 hadi 5, kisha huachilia huku akipumua kawaida. Kibanio cha springi hufuata baadaye, mpira ukishakuwa rahisi. Kikiwa kigumu mno huumiza kano.

Vidole vinahitaji pia kufunguka. Mgonjwa huvizungushia mpira wa kufungia noti, kisha huvipanua.

Maumivu makali, uvimbe au ganzi ni ishara ya kusimama na kurudi kituo cha afya. Aliyepata kiharusi na vidole vyake vimekaza asianze kubana mpira kabla ya kuonwa na mtaalamu wa fiziotherapia.