Bima ya Nyumba na Usalama Wake: Mambo ya Kufahamu kwa Mwenye Nyumba na Mnunuzi

Nyumba nyingi zilizomo katika kata za Halmashauri zimejengwa kwa awamu. Mwaka mmoja huwekwa msingi, mwaka wa pili husimamishwa boma, kisha boma hilo husubiri mavuno, kiinua mgongo au mkopo wa SACCOS ndipo lipate bati. Mwenye nyumba hukumbuka bei ya karibu kila mfuko wa saruji. Hata hivyo, mali hiyo iliyomchukua miaka kumi au kumi na mitano kuikamilisha ndiyo mara nyingi huachwa bila kinga, ilhali pikipiki au gari alilolinunua kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo hulikatia bima kila mwaka. Sababu inajulikana. Bima ya chombo cha moto inadaiwa na sheria na huulizwa barabarani. Bima ya nyumba ya kuishi ni hiari ya mwenyewe, isipokuwa pale benki inapoidai kwa kuwa nyumba imewekwa rehani.

Wapo wanaoamini kwamba likitokea janga kubwa Serikali italipa. Tetemeko la ardhi lililoukumba Mkoa wa Kagera tarehe 10 Septemba 2016 liliharibu maelfu ya nyumba, na maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023 katika mji mdogo wa Katesh, wilayani Hanang, yalifukia makazi ya watu asubuhi moja. Katika majanga ya namna hiyo Serikali na wasamaria wema hutoa msaada, na msaada huo huokoa maisha: chakula, dawa, mablanketi, mahali pa kujihifadhi, pengine na vifaa vya ujenzi. Lakini msaada wa maafa si fidia. Hakuna anayeahidiwa kurudishiwa nyumba ya vyumba vinne kama alivyokuwa nayo. Aidha, nyumba moja ikiungua usiku kwa hitilafu ya umeme, tukio hilo halitangazwi kuwa janga la taifa. Ni msiba wa kaya hiyo peke yake. (Ifahamike pia kwamba kodi ya jengo inayokatwa mwananchi anaponunua umeme wa LUKU ni kodi, wala haihusiani na bima ya aina yoyote.)

Kinachokingwa na kisichokingwa

Bima ya msingi ya jengo hukinga moto, radi na mlipuko. Mafuriko, tetemeko, dhoruba na ghasia mara nyingi huongezwa kwa ada ya ziada, hivyo mkazi wa bondeni asiridhike kuambiwa kwamba nyumba yake "ina bima". Aulize kama neno mafuriko limeandikwa ndani ya hati. Wizi nao hukingwa kwa masharti, na sharti la kawaida ni kuwapo kwa dalili za kuvunja: kitasa kilichong'olewa, grili iliyokatwa, dari iliyotobolewa. Mwizi aliyeingia kwa mlango ulioachwa wazi anaweza kuwa hasara ya mwenye nyumba mwenyewe.

Bima hukinga ajali, haikingi uchakavu. Mchwa waliokula kenchi, kutu kwenye bati, unyevunyevu unaopanda ukutani na ufa uliotokana na msingi mbovu haviwezi kudaiwa. Vilevile jengo na vyombo vya ndani ni vitu viwili. Mwenye nyumba aliyekatia bima jengo pekee hatalipwa friji, televisheni wala makochi, na mpangaji asidhani kwamba bima ya mwenye nyumba inafunika mali zake. Mpangaji anaweza kukata bima ya vyombo vyake mwenyewe, na ada yake huwa ndogo kuliko ya jengo.

Kiasi kinachoandikwa kwenye bima

Hapa ndipo wengi huumia, tena baada ya kulipa ada miaka mingi kwa uaminifu.

Tuseme nyumba ingegharimu shilingi milioni 80 kuijenga upya leo. Mwenyewe, akitaka ada iwe nafuu, anaikatia bima ya shilingi milioni 40. Baada ya miezi kadhaa moto unaanzia jikoni, unateketeza jiko, stoo na sehemu ya paa, na hasara inakadiriwa kuwa shilingi milioni 20. Mwenye nyumba anatarajia kulipwa milioni 20 zote, kwa kuwa kiasi hicho hakijafikia milioni 40 alizokatia. Kampuni inamlipa milioni 10, kabla hata ya kutoa ile sehemu ndogo ya hasara ambayo mkataba humtaka mwenye bima aibebe mwenyewe.

Hakuna udanganyifu hapo. Mikataba ya bima ya majengo kwa kawaida huwa na kifungu cha wastani, kinachosema kwamba aliyekatia bima nusu ya thamani ya nyumba amejichukulia mwenyewe nusu nyingine ya hatari. Basi kila hasara itokeayo, kubwa au ndogo, itagawanywa kwa uwiano huo huo. Aliyekatia robo tatu atalipwa robo tatu. Nafuu ya ada aliyoipata mtu kwa mwaka mmoja haifikii hata bei ya bati la chumba kimoja, lakini pengo lake siku ya hasara ni mamilioni.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Mtu amenunua nyumba pamoja na kiwanja kwa shilingi milioni 120, kiwanja peke yake kikiwa na thamani ya milioni 50 kwa sababu kipo karibu na barabara ya lami. Akikata bima ya milioni 120 analipia ada ya ardhi, na ardhi haiungui. Siku ya hasara hatalipwa zaidi ya gharama halisi ya kurudisha jengo, kwa kuwa bima haikukusudiwa kumtajirisha mtu.

Kwa hiyo kipimo sahihi si bei ya kununulia wala bei ya kuuzia, bali gharama ya kujenga upya. Ndani yake huingizwa gharama ya kubomoa na kuzoa kifusi, ada za wataalamu na kibali, uzio, choo cha nje, tangi la maji na mitambo ya sola iliyofungwa juu ya paa. Kazi ya kukadiria ni ya mthamini aliyesajiliwa au mkadiriaji majenzi, naye aambiwe wazi kwamba kinachotakiwa ni gharama ya kujenga upya, maana ripoti ya mkopo wa benki kwa kawaida huonyesha bei ya soko. Kiasi hicho kipitiwe kila bima inapohuishwa. Bei ya nondo na saruji haijakaa mahali pamoja, na aliyeandika kiasi sahihi miaka mitano iliyopita huenda leo yumo katika hali ya yule wa milioni 40 bila kujua.

Fomu, ahadi na vitasa

Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa maelezo ya mkataji. Fomu ya maombi huuliza paa ni la nini, kuta ni za nini, nani anaishi humo, kuna biashara gani, milango hufungwaje na usiku kuna mlinzi au hakuna. Mara nyingi wakala huijaza kwa haraka na mteja hutia saini tu. Mteja anashauriwa kuisoma yote kwanza, kwa kuwa saini ni yake na atakayeulizwa ni yeye. Barazani pakifunguliwa duka katikati ya mwaka, au chumba cha uani kikianza kuuzia mitungi ya gesi, kampuni ijulishwe kwa maandishi. Hatari ya nyumba imebadilika, na ukimya huweza kuifanya kampuni ikatae dai.

Majibu kuhusu ulinzi yanahitaji uangalifu wa pekee. Aliyeandika kwamba ana mlinzi wa usiku, kisha akamwachisha kazi mwezi wa tatu, amevunja ahadi yake. Mikataba mingi pia ina sharti la nyumba kutoachwa tupu kwa muda mrefu, na kikomo kinachotumika mara nyingi ni siku 30 mfululizo. Kaya zinazosafiri kwenda kijijini mwishoni mwa mwaka zisome kikomo kilichomo katika hati zao, na zimwombe ndugu au jirani awe analala humo.

Kuhusu vitasa vyenyewe, fedha inayotumika kwenye mlango ingefaa ianzie kwenye fremu. Kitasa cha bei kubwa kilichofungwa katika fremu dhaifu hung'oka kwa teke moja. Mlango wa nyuma, ambao kwa kawaida hupewa komeo dogo kuliko wa mbele, ndio unaofichika machoni pa watu. Taa ya nje na jirani anayejua nani ni mgeni husaidia kuliko ukuta mrefu, kwani ukuta mrefu, mwizi akishauruka, humficha yeye pia. Orodha ya vyombo vya ndani, pamoja na picha, stakabadhi na namba za utambulisho za televisheni na kompyuta, ihifadhiwe mahali pengine nje ya nyumba hiyo.

Grili na moto

Jambo moja linastahili kusemwa bila kuzunguka. Grili zinazozuia mwizi kuingia humzuia mtoto kutoka. Nyumba nyingi zina nondo zilizochomelewa katika kila dirisha, na milango ya chuma inayofungwa kwa kufuli usiku, ufunguo ukiwa chumbani kwa baba. Moto ukianzia sebuleni, moshi hujaza korido kwa dakika chache, na giza hilo si la kutafutia ufunguo.

Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza grili yenye bawaba, inayofunguka kwa ndani, angalau katika dirisha moja la kila chumba cha kulala. Ufunguo wake utundikwe karibu na dirisha, mahali ambapo mkono wa aliye nje haufiki na kila aliye ndani anapajua, wakiwamo watoto na msaidizi wa kazi. Hakuna kampuni ya bima inayoweza kulipa kinachopotea katika chumba kisichofunguka.

Moto wenyewe hupunguzwa kwa mambo ya kawaida: mfumo wa umeme kufungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, soketi moja kutobebeshwa pasi, friji na birika kwa wakati mmoja, na mtungi wa gesi kuwekwa nje ya jiko, mpira wake ukikaguliwa. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Anayepiga ataje mtaa, jina la barabara na namba ya nyumba iliyowekwa katika mpango wa Anwani za Makazi. Vibao hivyo vikiachwa vififie au vikifunikwa na rangi, gari la zimamoto hupoteza dakika likiulizia njia. Mchanga, kokoto na vibanda vilivyoziba njia ya mtaa hulizuia kabisa.

Kwa anayenunua

Mnunuzi aanze na hati kabla ya kuangalia vigae. Kwa nyumba yenye hatimiliki, upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati huonyesha mmiliki aliyesajiliwa na kama kuna rehani au zuio. Nyumba ya familia haiuzwi na mwanandoa mmoja bila ridhaa ya mwenzake; Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imelitaja hilo, na saini ya mke au mume isiachwe kwa maelezo kwamba "amesafiri". Ofisi ya Ardhi ya Halmashauri inaweza kueleza kama kiwanja kimepimwa na matumizi yake ni yapi. Nyumba iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto inagongana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na bei yake ndogo, ambayo dalali huiita bahati, ina sababu.

Bima ya muuzaji haihamii kwa mnunuzi pamoja na funguo. Ni mkataba kati ya kampuni na mtu, wala haufuati jengo. Mnunuzi apange bima yake ianze siku ileile hatari ya nyumba inapomwangukia kwa mujibu wa mkataba wa mauziano, na ada iwe imelipwa, kwa kuwa kinga haianzi kwa ahadi ya kulipa. Siku ya kuhamia vitasa vya nje vibadilishwe vyote. Fundi, dalali, wapangaji waliopita na ndugu wa muuzaji huenda kila mmoja ana ufunguo wake.

Inapotokea hasara

Wizi uripotiwe polisi mara moja na namba ya RB ichukuliwe. Moto uombewe taarifa ya Zimamoto. Kampuni ijulishwe ndani ya muda uliotajwa katika hati, na mabaki yasizolewe kabla mkadiriaji wa hasara hajafika, ila hatua za kuzuia hasara isiongezeke, kama kufunika paa kwa turubai, zichukuliwe mara moja na risiti zake zitunzwe.

Kabla ya kukata bima, mwananchi anaweza kuuliza Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) kama kampuni au wakala amesajiliwa. Asiyeridhika na uamuzi wa kampuni kuhusu dai lake huwasilisha kwanza malalamiko kwa kampuni hiyo kwa maandishi, akibaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wasipoafikiana, nakala hiyo ndiyo anayoipeleka katika Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.